Kufikika Kutoka Nje: Anwani za Umma za Intaneti Majumbani na Madukani Kariakoo

Anwani ya umma ya IP ni namba inayokitambulisha kifaa kimoja mbele ya intaneti nzima, kiasi kwamba kompyuta iliyoko Mwanza, Muscat au Guangzhou inaweza kukitafuta na kuanza kuzungumza nacho bila kungoja kiite kwanza. Hapo pa kuanza ndipo penye uzito. Kutazama video, kutuma pesa, kupiga simu ya WhatsApp, yote huanzishwa na aliye ndani akielekea nje, na kwa kazi hizo hakuna anayehitaji kujua kama anwani yake ni ya umma au si ya umma. Mambo hugeuka pale mwenye fremu Mtaa wa Likoma, ambaye makazi yake ni Kinyerezi, anapotaka kuifungua simu usiku aione stoo yake, au mhasibu wa duka la jumla anapotaka kuingia kwenye kompyuta ya ofisini akiwa kwake Mbagala. Sasa anayeanza yuko nje, na kinachotafutwa kiko ndani. Bila anwani ya umma, au bila njia ya kuizunguka haja hiyo, hakipatikani.

Anwani zinazotumika zaidi hadi leo ni za toleo la nne la itifaki ya intaneti, lililochapishwa Septemba 1981. Kila anwani ni namba ya biti 32 inayoandikwa kwa mafungu manne, kila fungu likiwa kati ya 0 na 255, mfano 203.0.113.10. Jumla yake ni 4,294,967,296. Waliolibuni walikuwa wakiunganisha vyuo, maabara na ofisi za jeshi la Marekani, na kwao bilioni nne zilikuwa nyingi kupita kiasi. Leo dunia ina watu zaidi ya bilioni nane, na mtu mmoja huweza kuwa na simu mbili, televisheni na kamera nne. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia lilitoa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila msajili wa kanda. Afrika ilipata fungu linaloanza na 102, likakabidhiwa AFRINIC, msajili wa bara hili mwenye makao Ebene, Mauritius. AFRINIC ilichelewa kuishiwa kuliko wenzake, lakini tangu Januari 2020 mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Kwa kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja, hiyo ni chenji.

Mtu wa nyumbani haendi AFRINIC. Zinazokwenda huko ni kampuni za huduma, yaani TTCL, Vodacom, Airtel na nyinginezo, na kampuni ndiyo inayoamua mteja yupi apewe ipi na kwa muda gani. Ndiyo maana anwani za Tanzania zinafanana sura: nyingi huanza na 41, 102, 154, 196 au 197, ambayo ni mafungu ya Afrika.

Uhaba huo ulionekana mapema, ukatafutiwa dawa mbili. Februari 1996 yalitengwa rasmi makundi matatu ya anwani za ndani, ambazo yeyote anaweza kuzitumia kwake bila kuomba ruhusa kwa sababu hazisafiri kwenye intaneti: zinazoanza na 10, zile za kati ya 172.16 na 172.31, na zinazoanza na 192.168. Kundi la tatu ndilo linalokaa ndani ya karibu kila ruta inayouzwa Kariakoo. Boksi likifunguliwa, ruta hujiita 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na zile za MikroTik hujiita 192.168.88.1. Nyumba laki moja za Dar es Salaam zinaweza kuwa na kompyuta inayoitwa 192.168.1.5 kwa wakati mmoja, zisigongane hata siku moja.

Dawa ya pili ni ruta kubadilisha anwani. Mtanzania aliyewahi kutumia S.L.P. ya mwajiri au ya shule anaujua utaratibu huu. Sanduku ni moja pale Posta, watu ni mamia, na karani ndiye anayejua barua ipi ni ya nani. Ruta hufanya kazi ya karani huyo: ombi likitoka kwenye simu ya ndani, hulipa anwani moja ya umma ya nyumba, huandika kwenye daftari lake limetoka wapi, na jibu likirudi hulipeleka panapohusika. Barua iliyoandikwa namba ya sanduku tu, bila jina la mtu wa ndani na bila kuwa jibu la barua iliyotangulia, karani hana pa kuipeleka. Vivyo hivyo ombi jipya linalotoka nje hufika kwenye ruta likatupwa.

Hadi hapo tatizo ni dogo, kwa kuwa karani ni wa mwenye nyumba na anaweza kuelekezwa. Ugumu umeletwa na hatua iliyofuata. Anwani zilipopungua zaidi, kampuni zenyewe zikaweka mabadilishano ya pili ndani ya mitambo yao, zikaacha kumpa kila mteja anwani ya umma, zikawa zinawapa wengi moja ya kuchangia. Mwezi Aprili 2012 kazi hiyo ilitengewa anwani zake maalumu, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Hesabu yake ni nyepesi. Kila anwani ina milango ya namba ipatayo 65,000; kampuni ikimgawia kila mteja milango 1,000, wateja zaidi ya 60 wanaingia kwenye anwani moja. Huo ndio utaratibu wa kawaida kwenye laini za simu na kwenye ruta za laini, na hata baadhi ya vifurushi vya faiba vya majumbani huendeshwa hivyo. Mteja hupata intaneti nzuri tu, ila karani wa pili ni wa kampuni, wala hapokei maelekezo ya mteja. Kasoro nyingine huonekana kwa pembeni: tovuti ikishuku fujo kutoka kwa mmoja wa wanaochangia anwani, wote huanza kuulizwa wathibitishe kuwa si roboti, na mara nyingine hufungiwa pamoja.

Kariakoo ina tabaka lake la tatu, na hili halimo kwenye vitabu. Fremu moja huvuta faiba, jirani akaunganishiwa waya kutoka kwenye ruta hiyo kwa makubaliano ya kuchangia bili, naye akafunga ruta yake, wakati mwingine na wa ghorofa ya juu akafanya hivyo hivyo. Kwa kutazama bei, ni busara. Kwa anayetaka kufikika kutoka nje, ni makarani watatu kwenye foleni, na mmoja tu asipoelekezwa ombi linaishia njiani.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza kabisa, kabla ya kununua kifaa chochote, ni kujua mteja amesimama wapi. Kipimo chake hakigharimu kitu. Ruta hufunguliwa kupitia kivinjari kwa anwani yake ya ndani, na kwenye ukurasa wa hali ya muunganisho husomwa anwani iliyopewa upande wa nje. Kisha, kwa kompyuta iliyoungwa na ruta hiyohiyo, hufunguliwa tovuti yoyote inayomwonyesha mtu anwani yake ya IP. Namba mbili zikilingana, ruta ina anwani ya umma. Zisipolingana, kuna mabadilishano mengine mbele yake. Namba ya ruta ikianza na 100.64 hadi 100.127, ni kampuni inayochangisha. Ikianza na 10 yaweza pia kuwa kampuni. Ikianza na 192.168, aghlabu ni ruta ya jirani au kifaa cha faiba kinachofanya kazi ya ruta bila mwenyewe kujua. Siku nzima ya fundi hupotea kwa kuruka kipimo hiki cha dakika mbili: poti, yaani ile milango ya namba, zimefunguliwa sawasawa, kinasa picha kimewekwa sawasawa, lakini hakuna kinachoonekana kutoka nje, lawama zinaangukia kamera.

Ikigundulika kuwa anwani ya umma haipo, njia ya moja kwa moja ni kuiomba. Kampuni nyingi huitoa kama nyongeza ya vifurushi vya biashara, kwa malipo ya kila mwezi juu ya bei ya intaneti, na kwa kawaida huhitaji TIN na leseni ya biashara. Kwa laini ya nyumbani jibu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na hata kati ya kifurushi na kifurushi, kwa hiyo swali hilo liulizwe kabla ya kusaini mkataba. Na liulizwe kwa ukamilifu: je, anwani ni ya umma, na je, haibadiliki? Hayo ni mambo mawili. Ipo anwani ya umma inayobadilika kila ruta inapozimwa na kuwashwa, na ipo ya kudumu. Mhudumu akisema tu kwamba kifurushi kina IP, hajajibu, maana kila kifurushi kina IP ya namna fulani.

Swali la tatu ni idadi. Nyumba au duka la kawaida linatosheka na anwani moja. Kampuni huikabidhi mara nyingi ndani ya fungu dogo la namba nne. Tuseme fungu ni 203.0.113.8 hadi 203.0.113.11, namba zilizotengwa kwa mifano na zisizotumika popote. Ya kwanza ni jina la fungu lenyewe, ya mwisho ni ya matangazo kwa wote, 203.0.113.9 ni ya kampuni, na 203.0.113.10 ndiyo ya mteja. Anayehitaji zaidi hupewa fungu la namba nane: mbili hazitumiki, moja huchukuliwa na kampuni, zinabaki tano. Fungu la nane lina maana kwa ofisi yenye seva ya barua pepe, seva ya tovuti na mtambo wa simu, kila kimoja kikitaka mlango wake wenye namba ileile. Kwa kamera za duka ni kutupa fedha.

Anwani ikishapatikana, huwekwa kwenye ruta, si kwenye kompyuta. Wengi huteleza hapa. Kifaa kilicholetwa na kampuni ya faiba, kile kisanduku cheupe ukutani, mara nyingi kina ruta ndani yake. Mteja akiongeza ruta yake nyuma ya hicho, zinakuwa ruta mbili na anwani ya umma inabaki kwenye kisanduku. Kampuni inaweza kuombwa igeuze kisanduku kiwe daraja tupu, mafundi husema kukiweka briji, ili kipitishe mawimbi bila kugusa anwani. Baada ya hapo ruta ya mteja ndiyo inayopokea anwani. Kama kampuni hutumia jina na nywila za kuunganisha, anwani ya kudumu huja yenyewe baada ya kuviandika. Kama haitumii, mteja huandika kwa mkono vitu vinne: anwani yake, 203.0.113.10 kwa mfano wetu; kipimo cha fungu, ambacho kwa namba nne ni 255.255.255.252; lango la kampuni, 203.0.113.9; na seva za majina. Kosa la tarakimu moja kwenye kipimo au lango linatosha kukata intaneti yote, kwa hiyo karatasi ya kampuni isomwe huku mtu akiandika, isikaririwe.

Ndani ya nyumba hakuna kinachobadilika. Simu, televisheni na kompyuta huendelea na 192.168 zao. Kinachofuata ni kukipa kifaa kinachotafutwa namba ya ndani isiyohama. Ruta kwa kawaida hugawa namba kwa zamu, na kinasa picha kilichokuwa 192.168.1.50 leo kinaweza kuamka 192.168.1.53 baada ya umeme kukatika. Ruta huamriwa kukitengea kifaa hicho namba moja daima, kwa kukitambua kwa namba ya kiwandani iliyobandikwa mgongoni mwake. Kisha huja kufungua poti: ruta huelezwa kwamba ombi lolote linalofika kwenye mlango fulani wa anwani ya umma lipelekwe 192.168.1.50. Vinasa vya Hikvision hutumia mlango 8000 kwa programu yake, vya Dahua 37777, na kurasa za tovuti zenye ulinzi hutumia 443. Hufunguliwa ule unaohitajika peke yake. Ruta nyingi zina chaguo la kufungua milango yote kuelekea kifaa kimoja, na fundi mwenye haraka hulipenda kwa sababu hufanya kazi papo hapo. Halifai kabisa.

Majaribio hufanywa kutoka nje kwelikweli. Simu ikiwa kwenye waifai ya dukani, jaribio la anwani ya umma linaweza kushindwa ilhali kila kitu ni sahihi, kwa kuwa ruta nyingine haziwezi kulipokea ombi linalotoka ndani na kurudi ndani. Waifai izimwe, bando la simu litumike. Ikiwezekana, laini iwe ya kampuni nyingine.

Wenye fungu la nane wana kazi zaidi kidogo. Wanaweza kuziacha anwani zote kwenye ruta na kuifungisha kila moja na kifaa kimoja cha ndani, ombi la 203.0.113.19 likienda kwenye seva ya barua na la 203.0.113.20 kwenye mtambo wa simu, huku seva zenyewe zikibaki na namba za 192.168. Au wanaweza kuziandika anwani za umma moja kwa moja kwenye seva. Njia hii ya pili huonekana safi na baadhi ya programu za simu za intaneti huipenda, lakini inahitaji kujua jinsi kampuni inavyolileta fungu. Kampuni nyingine huliweka fungu kwenye waya wenyewe na lango likiwa kwao. Hapo ruta ikikaa katikati ni lazima iwe daraja, au seva ziungwe kwenye swichi mbele ya ruta, uchi. Nyingine hulileta fungu kupitia anwani ya kwanza ya mteja, na ruta ya mteja ndiyo inayokuwa lango. Utaratibu huu wa mwisho ndio bora, kwa kuwa ulinzi wote hubaki sehemu moja.

Tukirudi kwa mwenye anwani ya umma inayobadilika, yeye halazimiki kulipia ya kudumu. Zipo huduma za majina yanayofuata anwani: ruta hupewa jina, na kila anwani inapobadilika ruta yenyewe hutoa taarifa, jina likaelekezwa upya ndani ya dakika chache. TP-Link na MikroTik huwapa wenye ruta zao huduma hii bure. Dar es Salaam, ambako umeme hukatika au uniti za LUKU huisha katikati ya usiku, anwani hubadilika mara nyingi kuliko wanavyodhani waandishi wa vijitabu vya maelekezo. Betri ndogo ya akiba kwa ajili ya ruta na kisanduku cha faiba husaidia kuliko inavyotarajiwa, maana vifaa hivyo hula umeme mdogo sana.

Wasio na anwani ya umma kabisa, ambao ndio wengi, wana njia zao. Ya kwanza wanaitumia tayari bila kuijua: programu ya kamera inayosajiliwa kwa kupiga picha ya alama iliyobandikwa kwenye kinasa. Kinasa huanzisha chenyewe mawasiliano na seva ya mtengenezaji na kuyaweka wazi, simu nayo huenda kwenye seva hiyohiyo, na seva huwakutanisha. Kwa mwenye fremu moja na kamera nne, hii inatosha, na kumuuzia anwani ya kudumu kwa ajili hiyo tu ni kumpa mzigo. Udhaifu wake ni kumtegemea mtu wa tatu aliye mbali. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, huduma zinazotegemea seva za ng'ambo ziliyumba Tanzania nzima. Njia ya moja kwa moja kati ya duka la Kariakoo na simu iliyoko Tegeta haina sababu ya kutoka nje ya nchi: kampuni za hapa hubadilishana mawasiliano kwenye kituo cha TIX hapahapa Dar es Salaam, na anwani ya umma hufikika kupitia hapo hata bahari ikiwa imechafuka.

Njia ya pili ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kisha ruta ya nyumbani ikajiunga nayo kwa VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti. Anayetoka nje huingia kwenye seva, seva humvusha hadi ndani. Huhitaji ujuzi wa kadiri, na gharama yake ya mwezi inaweza kuwa chini ya ile ya anwani ya kudumu kutoka kampuni ya intaneti. Tanzania inalo sharti lake hapa: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitangaza kwamba watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa shughuli zao watoe taarifa zao kwa mamlaka hiyo, pamoja na anwani ya IP inayotumika. Tangazo lilipokewa kwa manung'uniko mengi, na wengi walidhani linahusu kufungua mitandao iliyozuiwa peke yake, lakini maneno yake yanagusa pia duka linalounganisha matawi yake mawili.

Njia ya tatu ni toleo la sita la itifaki. Anwani zake ni za biti 128, na msingi wake ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, kabla simu ya mkononi haijawa kitu cha kawaida Tanzania. Nyumba moja hupewa kwa kawaida fungu lenye anwani zisizopungua 18,446,744,073,709,551,616, kila kifaa kikapata ya umma, na karani hahitajiki tena. Kampuni inayolitoa humwondolea mteja karibu maswali yote yaliyotangulia. Shida ni pande mbili: kampuni iwe imeliwasha hadi kwa mteja, na mtazamaji wa nje naye awe na mtandao wenye toleo hilo. Kamera na vinasa vya bei nafuu navyo mara nyingi hulisoma kwa shida. Hata hivyo ruta inayonunuliwa leo iwe ni inayolielewa.

Kuhusu ulinzi, anayeweka anwani ya umma anapaswa kujua kwamba wageni wa kwanza kufika hawatakuwa wateja. Programu za kupekua huzipita anwani zote bilioni nne za dunia kwa muda wa saa chache, na mlango mpya hugongwa siku ileile unapofunguliwa. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera, vinasa picha na ruta kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, za aina ya admin na 12345, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa zikiwamo Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua kitu. Picha zao ziliendelea kuonekana kama kawaida. Septemba 2021 iligundulika kasoro katika vifaa vingi vya Hikvision iliyomruhusu mtu wa nje kuviamuru bila nywila yoyote, na kifaa ambacho programu yake haijahuishwa tangu hapo bado kiko wazi.

Basi nywila ya kiwandani hubadilishwa kabla ya poti kufunguliwa, na programu ya kifaa huhuishwa. Ukurasa wa kuongozea ruta haufunguliwi nje hata kidogo, wala mlango 3389 wa kuendeshea kompyuta ya Windows kutoka mbali, ambao umewaponza wahasibu wengi duniani kwa faili zao kufungwa na kudaiwa fidia. Kwa kuwa anwani ya umma ipo, ruta yenyewe inaweza kuwa mlango wa VPN: MikroTik zenye RouterOS toleo la 7 zina WireGuard ndani yake, na baadhi ya TP-Link zina OpenVPN. Mlango mmoja tu hufunguliwa, mwenye ufunguo huingia, kisha huziona kamera, kompyuta ya hesabu na kila kilichomo kana kwamba amekaa dukani. Hii inazidi kufungua poti kumi, na ndiyo matumizi yanayoistahili zaidi fedha ya anwani ya kudumu.

Sheria nayo ipo mlangoni. Sura za wateja na wafanyakazi zinazonaswa na kamera ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuziacha zionekane na yeyote ni jambo la mwenye duka, si la fundi. Kwa upande mwingine, anayeingia kwenye kinasa cha jirani kwa sababu tu hakikufungwa anatenda kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kuna jambo la kasi ambalo wauzaji wa vifurushi hawalitaji. Anayetazama kutoka nje anapakua, lakini duka linapakia, na kasi ya kupakia katika vifurushi vingi ni ndogo. Kamera moja ya megapikseli nne huweza kutaka megabiti 4 kwa sekunde kwa picha kamili, kwa hiyo kamera nane zikitazamwa pamoja zinataka 32. Vinasa huwa na mkondo wa pili wenye picha ndogo unaotosha kwa nusu megabiti, na huo ndio wa kuchagua kwenye simu.

Mwisho ni suala la umiliki. Anwani ya kudumu si mali ya mteja. Ni ya kampuni, na mteja akihama kampuni au akihamisha duka kutoka Aggrey kwenda Mbezi nje ya eneo la faiba hiyo, anwani hubaki nyuma. Anayetegemewa na wengi afadhali awe na jina lake, mfano linaloishia na .co.tz kupitia wakala aliyesajiliwa, na watu wapewe jina badala ya namba. Siku chache kabla ya kuhama, muda wa kukumbukwa kwa jina hilo hupunguzwa hadi dakika tano ili mabadiliko yaenee haraka, na baada ya kuhama orodha nzima ya majina hupitiwa na kufutwa yote yanayoelekea kwenye namba ya zamani. Namba hiyo haikai bure katika zama hizi za uhaba. Kampuni itampa mteja mwingine, na jina lililosahaulika litaendelea kuwapeleka watu kwenye ruta yake.